Nasaga vidonge kwenye uji, usiku namwombea. Sasa mjukuu ananiogopa

*Barua za wasomaji. Anajibu Sista, muuguzi mstaafu na mzee wa kanisa.*

Sista mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni bibi wa miaka 74, naishi Machame, na ni msharika wa Kilutheri tangu nibatizwe nikiwa mtoto wa mgongoni. Namlea mjukuu wangu wa kiume, ana miaka 23. Baba yake, ambaye ni mwanangu, alishafariki. Mama yake yuko Dar es Salaam, anahangaika na kazi, na kila mwezi hutuma chochote.

Kijana alikuwa chuoni, mwaka wa pili. Mwaka jana wakati wa Kwaresima akarudi ghafla na begi moja tu. Hata godoro aliliacha huko. Usiku halali. Alibandika magazeti kwenye madirisha yote ya chumba chake, akasema redio inamtaja jina katika taarifa ya habari ya saa mbili. Laini ya simu aliichomoa akaifukia chini ya mgomba. Alikuwa akicheka peke yake, halafu ananyamaza kama anayesikiliza mtu.

Tulimpeleka hospitali, wakampa vidonge vya kumeza usiku. Mwanzoni alilala tu, udenda unamtoka. Baadaye akatulia. Ikafika tukawa tunakaa jikoni kuchambua maharage pamoja, na nikiacha kokoto ananicheka, "Bibi, miwani hiyo ya mapambo?"

Kisha kwenye kikundi chetu cha maombi akaja mtumishi mgeni. Akasema mjukuu wangu ana kifungo cha ukoo, na nikiendelea kumpa vidonge namzuia Mungu asifanye kazi. Tukafunga siku saba, na kijana naye akafungishwa. Vidonge nikaviweka juu ya kabati. Haikupita wiki mbili, magazeti yakarudi madirishani.

Niliogopa, nikamrudishia dawa, lakini safari hii akakataa. Basi nikawa navisaga kwa mchi na kumtilia kwenye uji wa ulezi. Na kila saa nane usiku naamka, naingia chumbani kwake, namwekea mkono kichwani na kukemea. Wiki tatu zilizopita aliamka katikati ya maombi akanikamata mkono. Akaniuliza, "Bibi, na wewe?" Hakusema neno jingine.

Tangu hapo anafunga mlango kwa komeo. Chakula changu hali, anajichemshia viazi mwenyewe kwenye sufuria aliyoificha chini ya kitanda. Nyumba ni moja lakini tunapishana kama wapangaji.

Sista, nimemkosea Mungu kwa kuchanganya dawa na maombi? Nimwambie habari ya uji au ninyamaze? Na nitamwombeaje mtoto anayeniogopa?

*Bibi, Machame*

Sista anajibu:

Shikamoo dada. Nianze na uji, maana hapo ndipo panapoungua.

Mchi uweke kando, usisage tena. Dawa ni njema na nitakuja kwake, ila kusaga kuna mambo mawili. La kwanza ni la kiuguzi: hujui anapata kiasi gani. Akiacha nusu bakuli ameacha nusu dozi, na mbwa akipewa yaliyobaki atalala mbwa. Tena viko vidonge ambavyo havitakiwi kusagwa kabisa. La pili ni zito zaidi. Ugonjwa wa mjukuu wako ni wa namna ile inayomnong'oneza mtu kwamba watu wanamwekea vitu kwenye chakula. Wodini tulikuwa tukishinda kutwa tunawaambia wagonjwa, "Hakuna aliyekuwekea kitu, kula." Sasa jiweke kwenye kitanda chake. Safari hii ugonjwa umemwambia kweli.

Kwa hiyo ndiyo, mwambie. Usimwambie usiku, wala usimwambie ukiwa umesimama mlangoni kwake. Mwambie mchana, nje, kwenye kigoda, paketi ya vidonge ukiwa umeishika aione. "Mjukuu wangu, nilikuwa nakutilia hivi kwenye uji bila kukuambia. Ni vile vya hospitali. Nilikosea, sitarudia." Uishie hapo. Usiongeze "lakini ni kwa faida yako", hilo atalimalizia mwenyewe siku nyingine. Awepo mtu mzima anayemwamini, mjomba au jirani, anayeendelea na shughuli zake karibu, si kujibanza nyuma ya migomba kama askari. Huenda akakasirika. Ana haki ya kukasirika.

Jioni hiyo pika chungu kimoja, upawa umpe yeye. Ajipakulie, akupakulie na wewe, uanze wewe kula. Nimeona upawa ukifanya kazi ambayo maneno ya daktari yalishindwa.

Tangu ahamie kwenye viazi hajapata dawa hata chembe, kwa hiyo usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Nendeni wiki hii. Akikataa kwenda, nenda wewe na kadi yake ukamweleze daktari yote, na ya uji usiyafiche. Hutakuwa bibi wa kwanza. Na kabla ya safari, muulize kijana swali ambalo nahisi hajaulizwa na yeyote: kwa nini hutaki vidonge? Udenda uliouandika si jambo dogo kwa kijana wa miaka 23. Dawa za namna hii huweza kukaza shingo, kutetemesha mikono, kumfanya mtu ajione anatembea ndani ya maji, nyingine hunenepesha. Daktari akijua anaweza kupunguza, kubadilisha, au kuongeza kidonge cha kutuliza ule mkazo. Iko pia sindano ya kila baada ya wiki mbili hadi nne kutegemea aina, na familia nyingi hushukuru kwa sababu inamaliza ule ugomvi wa kila usiku, umemeza, hujameza. Nayo anaombwa ridhaa, hashikwi.

Jina la ugonjwa sitalitaja kwa kusoma barua, hiyo ni kazi ya aliyemwona. Ila magonjwa ya kusikia sauti mara nyingi huanza katika umri huo huo wake, kati ya ujana na miaka ya ishirini na kitu, wakati mzazi ameshaanza kuhesabu mahafali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba skizofrenia peke yake humpata takriban mtu 1 kati ya 300. Angalia mabenchi ya usharika wako Jumapili ya Pasaka ufanye hesabu mwenyewe. Wako watu humo wanaobeba mzigo kama wako, wamenyamaza tu. Na muulize kwa upole kama huko chuoni alivuta bangi. Simtuhumu. Bangi huongeza uwezekano wa ugonjwa wa namna hii na huvuruga matibabu, daktari anahitaji kujua.

Sasa huyo mtumishi. Nimekaa kwenye mikesha mingi, dada, na siwadharau wanaoomba. Lakini neno la kwamba dawa inamzuia Mungu silijui limetoka wapi. Katika Biblia mfalme Hezekia aliugua, akalia, akaomba, Mungu akamsikia na kumwongezea miaka 15. Na baada ya kusikiwa, nabii Isaya akaagiza mkate wa tini ukawekwa juu ya jipu. Maombi yalikwisha jibiwa, na bado jipu likabandikwa dawa. Kanisa lenu hilo hilo la Kilutheri lina hospitali ya wagonjwa wa akili kule Lutindi, Korogwe, tangu zama za wamisionari wa Kijerumani. Kama vidonge ni ukosefu wa imani, basi tumekosa imani kwa miaka zaidi ya mia, tena kwa sadaka zetu wenyewe.

Kuhusu pepo, mimi si mwanateolojia. Ninachojua ni kwamba wale tunaowasoma katika Injili walitoka kwa neno, hawakusubiri kidonge cha saa tatu usiku. Kitu kinachotulia kidonge kikimezwa, na kurudi kidonge kikiwekwa juu ya kabati, wewe na mimi tunakijua. Na kumfungisha chakula mgonjwa wa namna hii siku saba ni hatari kabisa. Mwili wenye njaa na usingizi pungufu ndio unaoziongezea zile sauti nguvu. Mkitaka kufunga, fungeni nyinyi wenye afya, na wewe uliye na miaka 74 umuulize kwanza daktari wako.

Nikirudi kwenye swali lako la kwanza: hapana, hukumkosea Mungu kwa kuchanganya dawa na maombi. Kama kuna deni, ni kwa kijana.

Maana fikiria saa nane usiku inavyokuwa upande wake. Mtu ambaye kutwa anasikia sauti zinazomwamrisha na kumtukana anaamka gizani, juu yake kuna kivuli, mkono uko kichwani, na sauti nyingine inakemea "toka!" Wewe unajua unamwambia nani atoke. Yeye anajuaje? Maombi yako yaliingia kwenye foleni ya zile sauti anazopigana nazo. Najua ulikuwa unalia ukiomba. Gizani machozi hayaonekani.

Nina mdogo wangu aliyeugua hivyo akiwa na miaka 20. Alitoweka siku 11, akarudi pekupeku, nyayo zimepasuka. Mama yetu alikuwa muombaji kweli kweli, mwenye sauti, mtu wa kusikika ng'ambo ya korongo. Wiki ya kwanza alimwombea kama wewe, na mdogo wangu akahamia kulala bandani na mbuzi. Sijui nani alimshauri mama, labda ni mbuzi wenyewe, ila asubuhi moja alikwenda akakaa chini nje ya banda, akiwa amempa mlango mgongo, akasema, "Naomba sasa. Unataka nikuombee nini?" Kimya. Akaomba Baba Yetu kwa sauti ya kawaida, akaenda kukamua. Kesho yake tena. Siku ya nne au ya tano ndani ya banda pakatoka neno: "Viatu."

Sisi ndugu zake tulitaka kucheka. Mtu amechanganyikiwa, sisi tunataka akili zake, yeye anataka viatu. Mama hakucheka. Aliomba viatu. Wiki tatu mfululizo nilimsikia mama yangu akimwambia Mungu habari za viatu, namba nane, vya kufunga kamba. Siku ya gulio akauza jogoo, akanunua raba za mtumba za bluu, akaziweka mlangoni pa banda. Mdogo wangu alitoka amezivaa. Alipokubali kwenda hospitali alikwenda na raba zile, na ni mama aliyemwambia, "Umeshapata vya kutembelea."

Nisikudanganye. Hakupona kwa namna ya zile shuhuda za Jumapili. Alichoma sindano kila mwezi, alilima, alifuga nyuki vizuri kuliko mtu yeyote kijijini, na kila baada ya miaka miwili mitatu alipata msimu mbaya tukamrudisha wodini. Aliishi hivyo hadi miaka 58. Hakuoa. Mama alimwombea mpaka siku anazikwa yeye mwenyewe, na kila mara alianza na lile swali lake.

Kwa hiyo muulize. Kaa nje ya mlango wenye komeo, mchana, usigonge. Akijibu "hakuna", omba dakika moja, sauti ya kawaida, useme jina lake na jambo moja la leo: alale usingizi, viazi vishuke vizuri, zile sauti zipungue makali. Akisema usiombe hapa, nenda kaombee jikoni. Mungu anafika na jikoni. Mkono kichwani ni mpaka akuruhusu, na muulize kila mara, kwa sababu ruhusa ya jana si ya leo. Kukemea acha kabisa mbele yake.

Na ukitaka Maandiko ya kuomba nayo, usikimbilie yale ya ushindi tu. Soma Eliya alipolala chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakumhubiria wala hakumuuliza amefanya dhambi gani. Alimgusa, akampa mkate na maji, Eliya akala akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala tena. Mahubiri yalikuja baadaye sana, tena kwa sauti ndogo. Soma na Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani bila kugeuka. Iko siku kijana atakuwa hawezi kuomba, na wewe utakuwa umechoka hata amina haitoki. Siku hiyo isomeni hiyo mfunge kitabu.

Mtu akikuambia kijana haponi kwa kuwa yeye hana imani, mrudishe kwa wale wanne waliotoboa dari. Yesu aliiona imani yao, wale waliobeba. Aliyelala kwenye kitanda hakuulizwa. Na hapo ndipo kikundi chako kina kazi, kama kweli wanataka kazi. Mmoja atoe nauli ya kliniki. Mmoja akusindikize, maana foleni ni ya kutwa. Wawili wapokezane kulala kwako Ijumaa na Jumamosi ili ulale wewe, kwa sababu bibi anayeamka saa nane kila siku tangu mwaka jana naye anakaribia kuugua. Vidonge vyako vya presha, kama unavyo, unavimeza? Sitashangaa kusikia navyo viko juu ya kabati. Mtumishi mgeni mwambie asante, mlango ni ule. Mchungaji wako mweleze kabla hajaelezwa na wengine, na mkwe wako wa Dar es Salaam apigiwe simu leo asikie kwako habari za uji na za siku saba.

Jambo la mwisho, na hili halisubiri barua. Akianza kusema anataka kufa, au sauti zinamwamrisha ajidhuru au adhuru mtu, au akaacha kula na kunywa kabisa, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku, hata kwa kukodi gari kwa mkopo. Kuanzia leo panga na dumu la dawa ya kunyunyizia kahawa vitoke nyumbani, vikafungiwe kwa jirani. Asifungwe kamba. Wanaume wa ukoo watalipendekeza hilo kwanza, nakuonya mapema.

Uniandikie akikujibu amekuomba umwombee nini.

Na barua fupi kutoka Mbeya:

*Shikamoo Sista. Nina miaka 16, kidato cha tatu. Darasani moyo hunienda mbio ghafla, mikono inakufa ganzi, naona nakufa. Daktari alinipima akasema moyo ni mzima, ni hofu. Bibi yangu akasimama kanisani, akaomba usharika mzima uniombee kwa sababu "akili inamsumbua". Wanafunzi wenzangu wanasali hapo hapo. Sasa wana jina la kuniita. Bibi nampenda. Nimwambieje aache?*

Marahaba mjukuu wangu. Usimwambie aache, mwambie apunguze watu. "Bibi, niombee, ila tuwe wawili. Siku nikitaka kanisa lijue nitasimama mwenyewe." Mabibi wengi hawajui kwamba tangazo la kanisani humaliza wiki nzima shuleni, maana enzi zao mambo yaliishia njia panda.

Shambulio likija, toa pumzi polepole kuliko unavyovuta, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, uhesabu vitu vitano unavyoviona. Hupanda na kushuka kwa dakika chache, haliui, ingawa linakuapia kwamba linaua. Mweleze mwalimu mmoja wa malezi ili ukitoka darasani usiulizwe mbele ya watu. Yakizidi kuja, rudi kwa daktari umwambie unahitaji mtu wa kuzungumza naye. Hofu ina matibabu yake.

Na bibi akiuliza nani amekufundisha maneno hayo, mpe ukurasa huu asome. Akitaka kunigombeza, aandike. Barua za mabibi nazijibu kwanza.